Mikwaruzo Kwenye Rangi Nyeusi

Jumapili, 2 Machi

Wiki sita wodini, leo tumemrudisha nyumbani. Kiharusi kimechukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Yote! Mume wangu, mtu aliyekuwa akibishana hata na redio.

Mdogo wake alisukuma kiti cha magurudumu, mimi nikabeba mto na dawa. Tukapita uani, pembeni ya gari lake. Jua kali. Akainua mkono mzima — tusimame. Anatazama boneti. Nikatazama na mimi, ndipo nilipoona. Rangi nyeusi yote imejaa mikwaruzo myembamba, mizunguko juu ya mizunguko, kama utando wa buibui.

Ni mimi. Alipokuwa amelazwa nilipeleka gari kwa waosha magari wa barabarani, mara nne, ili akirudi alikute safi. Wamelisugua kwa matambara yaleyale ya kufutia magurudumu. Na mimi nimekaa kivulini nakunywa soda! Miaka kumi na moja kaliosha mwenyewe kila Jumamosi, ndoo mbili, kitambaa laini, hataki hata mtoto aliegemee.

Hakulia. Aligeuza uso tu. Heri angelia.

Jumanne, 4 Machi

Hataki kula. Anakaza meno, uji unamtiririka kidevuni. Dada wa mazoezi ya viungo alikuja kutoka hospitali, kampa mpira wa kuminya. Akautupa chini ya kabati. Tukiwa mlangoni dada akaninong'oneza kwamba mwili unaweza kurudi kiasi, ila mwenyewe asipotaka, hakuna wa kumtakia.

Jioni shemeji naye na lake. Eti tuliuze gari. "Shemeji, gari bila dereva ni banda la kuku." Kwa sauti, mlango wazi, kaka yake yuko pale pale! Anadhani aliyepoteza ulimi kapoteza na masikio. Mume wangu hakusogea. Lakini jicho la kushoto lilijaa maji, nililiona.

Nimeamua. Mikwaruzo hiyo nitaiondoa mwenyewe. Kitu kimoja angalau katika nyumba hii kirudi kama kilivyokuwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa rangi, mzee mmoja wanamwita Msasa. Nilipomwambia nataka kuifuta mikwaruzo mwenyewe, kacheka mpaka akakohoa. Halafu akaona sicheki.

"Sikiliza, mama. Mkwaruzo haufutwi. Juu ya rangi kuna ngozi, nyembamba kuliko karatasi. Unaimenya hiyo ngozi kidogo kidogo mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo. Ukizidisha umefika mfupani."

Kaniazima mashine ya kung'arishia, sponji tatu na chupa ya dawa. Kanifundisha kwenye mlango wa gari bovu: eneo dogo kama sinia, mashine itembee, isilale mahali pamoja. Kwenye kona usikandamize kabisa, kona zina ngozi kidogo.

Aliuliza mwenye gari yuko wapi. Nikasema kasafiri. Uongo ulitoka wenyewe, laini, hata sikumeza mate.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeichoma! Mungu wangu, nimeichoma.

Nilianza vizuri. Nimeosha mara mbili, nimekausha, nimebandika karatasi ya gundi kwenye mipira ya vioo. Yeye nimemweka dirishani aone. Nikaanza na boneti. Mizunguko ikawa inayeyuka — inayeyuka kweli! Nikanyanyua kichwa nimtazame, anione nafurahi. Mashine ikabaki ukingoni. Harufu ya plastiki. Nikaizima. Doa la kijivu, kama ukucha wa kidole gumba, ngozi haipo.

Aliona. Alifumba macho.

Ng'ombe wa maskini hazai. Kila nikigusacho siku hizi naishia kukiharibu.

Jumamosi, 8 Machi

Sikutaka kuamka. Binti yetu kapiga simu, baba anaendeleaje? Nikasema anaendelea. Neno zuri hilo, halisemi mtu anaelekea wapi.

Nilimpigia Msasa, akapita kuangalia doa. Kaligusa kwa kidole. Hapo ni kupaka upya tu, kasema, dawa nyingine hakuna. Halafu akamwona mume wangu dirishani, mdomo umelegea, taulo shingoni. "Aliyesafiri" wangu. Akavua kofia. Kasema tu, "Mama, milango bado inakusubiri." Akaondoka na kofia mkononi.

Jumapili, 9 Machi

Toka asubuhi niko kwenye milango ya kushoto. Polepole. Mabega yanawaka. Saa tisa mlango wa mbele umekwisha. Nimemulika kwa tochi, nimeinama, nimechungulia pembeni — hakuna hata mkwaruzo mmoja! Weusi wa kina, kama kisima.

Nikaenda kumchukua. Kwa mara ya kwanza hakukataa. Nikamsogeza mpaka magoti yakagusa mlango. Nikasubiri atabasamu. Hata nusu tabasamu, kwani si nusu ndiyo aliyobaki nayo?

Akainama. Na humo mlangoni, wazi kabisa, uso wake. Mdomo umeshuka upande mmoja, kope limelala. Kioo cha bafuni kiko juu, kiti hakifiki. Tangu augue alikuwa hajajiona! Na mimi sikufikiria. Tangu Ijumaa nasugua, sikufikiria hata mara moja.

Akanyoosha mkono, akagusa ule mdomo wa mlangoni, si wake.

"Na... nani?"

Neno la kwanza katika wiki saba.

"Ni wewe, baba watoto."

Akatikisa kichwa. Akashika gurudumu, asukume mwenyewe, lakini kwa mkono mmoja kiti kinageuka tu, kinageuka tu. Akawa ananyooshea kidole mlango wa nyuma, ambao sijaugusa. Nikampeleka. Pale kwenye mikwaruzo uso hauonekani, kuna kivuli tu cha mtu aliyekaa. Akatulia. Akakitazama kile kivuli kama mtu anayemfahamu.

Saa kumi na moja sasa. Nimemwambia tuingie ndani, kagoma. Nimekaa juu ya ndoo nimeigeuza, naandika. Nusu ya ubavu kioo, nusu ukungu.

Ameokota sponji niliyoiacha pajani pake, kwa mkono wa kushoto. Ananinyooshea. Sijui ananiambia niendelee, au niitupe. Nimemuuliza, "Nimalizie?" Nimemuuliza, "Niache?" Mkono bado umenyooka, unaanza kuchoka, na mimi nimeshika kalamu, sponji sijaipokea.