Herufi Juu ya Nota

Jumanne, 2 Novemba 2004

Ukiliokota daftari hili, nakusihi ulifunge. Usimwambie mtu yeyote wa kwayani hata neno moja. Wakijua, wataniondoa.

Mazoezi tena. Nimetoka ofisini saa kumi na moja, nikapanda basi la 8 na mkate mkononi. Nikiwa njiani nimeandika kwa penseli, juu ya kila nota ya sauti ya pili: d, r, m, f. Wenzangu arobaini wanasoma ile mistari mitano na vichwa vyake vyeusi. Mimi siijui. Nyumbani Tukuyu Mama, mwalimu wa kwaya, alitundika chati ya solfa, yaani do-re-mi kwa herufi, ukutani, akaelekeza kwa fimbo, tukaimba. Hapa ugenini namsikiliza Bi Joan, mzee anayesimama kulia kwangu. Hakosei. Nayashika anayoimba, kisha naandika herufi zangu.

Fomu ya kujiunga iliuliza: Unasoma nota? Niliweka tiki kwenye Ndiyo. Mimi, karani ninayerudisha fomu za watu kwa kosa la tarehe.

Jumamosi, 6 Novemba

Bwana Peter, mwongozaji wetu, amenisimamisha peke yangu. Ni ile misa ya Kilatini, sehemu ya Mwanakondoo. Sauti moja inaanza bila kinanda, kisha kwaya nzima inaingia. Nimeimba. Akasema sehemu hiyo ni yangu. Onyesho ni tarehe 27.

Rachel, mwenzetu wa kwaya, aliitaka. Amenipa hongera huku akitafuta koti lake.

Sijawahi kutaka kitu namna hii. Nilipokuwa naimba sikusikia baridi, sikukumbuka kazi, sikuogopa mtu.

Halafu Bwana Peter akatuambia kwamba siku ya onyesho huenda akaongeza wimbo, karatasi tutazikuta palepale. Nyote mnasoma, akasema.

Jumapili, 7 Novemba

Nimempigia Mama kwa kadi ya simu. Akataka kusikia. Nikamwimbia ile sehemu nimesimama jikoni. Mara ya pili akaingia na sauti ya tatu, chini yangu, kama ninavyomjua. Hakuwahi kuusikia wimbo huo, lakini alijua pa kukaa. Kadi ikaisha tukiwa katikati.

Nimebaki na simu sikioni. Mama Furaha, mwenye nyumba, mtu wa Bukavu, amepita na sufuria: "Dada, ile neno moja utaimbaka mpaka lini? Hata Mungu alishasikia." Alipoona uso wangu akanipakulia sombe, kisamvu cha kwao.

Jumanne, 9 Novemba

Balaa.

Wakati wa chai tuliacha vitabu vya nota vitini. Vyote vina jalada moja la kijivu. Nimefika nyumbani, nimefungua kitabu. Cheupe. Hakina herufi ya penseli hata moja. Nyuma, kwenye kikaratasi cha maktaba, jina la Bi Joan.

Kwa hiyo changu anacho yeye.

Alhamisi, 11 Novemba

Siwezi kula. Nimerudia barua moja mara tatu ofisini, msimamizi akaniuliza kama naumwa. Bi Joan ameimba hapa miaka thelathini. Ana namba ya Bwana Peter. Pengine wameshazungumza.

Nimejaribu kuimba kwa kitabu chake. Naona vidoa tu.

Jumamosi, 13 Novemba

Nimefika mapema, niko tayari kuomba radhi. Bi Joan alikuwa peke yake, kitabu changu kiko mapajani. Amekifungua ukurasa wa Mwanakondoo, akaweka kidole.

"Hii s, soh yako, inataka alama ya kuishusha chini yake, mwanangu. Ukiiimba ulivyoiandika utapasua madirisha."

Sikuelewa. Akaniimbia herufi zangu mwenyewe, mstari mzima, bila kusita. Amezaliwa Wales, kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Kanisani kwao wote waliimba hivi, baba yake hakujua nota nyingine mpaka kufa.

"Sijaziona tangu kanisa letu lifungwe," akasema. Akafuta kioo cha miwani muda mrefu.

Nimelia mbele yake. Nikamweleza habari ya fomu. Nilitegemea aniambie si kitu. Hakuniambia hivyo. "Mwambie Peter mwenyewe. Usipomwambia, utaimba huku ukiangalia mlango."

Jumanne, 16 Novemba

Nimemwambia.

Hakufoka. Ameuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Akasema nitabaki kwenye kwaya, ila sehemu ya kuimba peke yake inahitaji mtu anayeweza kupewa badiliko dakika ya mwisho. Amempa Rachel.

Nilisema asante. Sijui kwa nini nilisema asante.

Jumamosi, 27 Novemba

Tumeimba. Kanisa limejaa, watu wamekaa na makoti yao. Karatasi ya wimbo wa nyongeza ililetwa kweli. Nimeishika kama barua ya lugha ngeni. Bi Joan akanisogelea mpaka mabega yakagusana, akaimba karibu na sikio langu, nami nikamfuata nyuma kidogo.

Kisha Mwanakondoo. Rachel akasimama. Nilitaka akosee. Hakukosea. Ni sauti nzuri, nyembamba kuliko yangu. Nilikuwa naimba naye kooni, mdomo umefungwa, nikimsikia Mama chini yetu. Kwaya ilipoingia nami niliingia. Kwa nguvu mno. Bwana Peter alinitazama, akashusha kiganja. Nikapunguza.

Jumanne, 30 Novemba

Hakuna mazoezi. Vitabu ni vya kuazima maktaba, lazima virudi visafi. Tumekaa ukumbini na raba, watu sita na chai. Changu kimechukua muda mrefu kuliko vyote. Bi Joan amenisaidia kurasa za mwanzo. Mwanakondoo nimefuta mwenyewe. Ukitazama kwa pembeni, herufi bado zinaonekana kidogo, zimezama kwenye karatasi.

Bi Joan ameniambia nianze kwenda kwake nikajifunze kusoma ile mistari mitano. Miezi sita, anasema, nikikaza. Naye anataka nimwimbie solfa.

Nimemwandikia Mama kwamba Alhamisi jioni asinipigie kwa Mama Furaha. Nitakuwa kwa Bi Joan, mtaa wa Winson Green, nyumba ya tatu kutoka kona, yenye pazia la njano. Kengele ni mbovu. Anayenihitaji hapa mjini agonge dirisha, na tukiwa tunaimba asubiri tumalize.