Matone Yaliyomrudisha Mama kwa Watu

Mjukuu wangu Kabula, shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako mzima, ng'ombe kazaa. Unaniuliza kama matone ya macho ya kutibu kope zilizovimba yanafaa? Nayajua tangu wakati wa Mwingereza!

Mama yangu kope zilivimba, macho yakamkauka, mekundu. Kwetu Usukumani mama mzee wa macho mekundu huitwa mchawi, na wachawi waliuawa. Majirani wakaacha kumsalimia. Mimi, dume la mgodi wa Geita, nikampakia kwenye baiskeli hadi hospitali Shinyanga.

Daktari akamkanda kwa kitambaa cha moto, akamtia matone. "Dawa kali hii, mama. Nikisema acha, unaacha."

Baada ya siku kadhaa wekundu ukaisha kabisa! Tuliporudi nyumbani, jirani akaja, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilidhani na wewe macho yanakuuma, hukuwa unaniona."

Tone dogo vile, Kabula! Mpaka leo nashangaa.

Babu yako