Mtani Wetu Sasa Ananiitikia kwa Adabu

Shikamoo Shangazi. Naomba unisaidie mapema, maana arobaini ya baba mkwe wangu ni Jumamosi hii na mtu ambaye shughuli hainogi bila yeye nimemfukuza mimi kwa kidole changu, na naapa sikuwa na nia mbaya hata chembe.

Baba mkwe, Mzee Wenceslaus, alikuwa mrina asali wa Sikonge, na sisi ni Wanyamwezi tunaoishi Chemchem hapa Tabora. Jirani yetu Bi Mwanamkuu ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wetu, na yeye na marehemu walikuwa hawanywi chai kabla hawajatukanana. Siku ya mazishi mama mkwe alikaa tu, halii, hali, hasemi, ndipo Bi Mwanamkuu akaingia amevaa koti la marehemu na mabuti yake ya mvua, akagonga jeneza akasema, “Wewe Mnyamwezi, miaka yote nyie ndio wapagazi wetu, leo umejilaza ili sisi ndio tukubebe? Na asali yangu umemwachia nani, mchoyo wewe?” Shangazi, mama mkwe alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka, kisha akalia sana, na alipomaliza kulia akaomba uji, sote tukapumua.

Mimi nilikuwa narekodi. Video ilikuwa ndefu, nikaikata ikabaki pale anapogonga jeneza, nikaiweka stetasi na maneno “Makubwa haya” na vikatuni vya kucheka, watu wakaichukua wakaipeleka TikTok na kwenye magrupu ya Dar, na huko wasiojua utani wakamwita Bi Mwanamkuu mchawi, mlevi, mbaguzi wa makabila, wengine wanataka akamatwe. Binti yake Anifa, anayeishi huko, akampigia akilia, akamwambia mama usikanyage tena msiba wa watu.

Nimeifuta lakini imeshasambaa. Jana nimemwamkia, na yeye ambaye siku zote hunijibu “Marahaba mpagazi, kumbe bado upo?” akasema, “Marahaba mwanangu, poleni na msiba.” Nilirudi ndani nikalia. Mama mkwe anasema bila mtani hakuna wa kumwondolea tanga, watu watakula pilau waondoke na yeye abaki na kilio chake. Mume wangu anasema ninyamaze yatapita, mimi nafikiria nijirekodi nikiomba radhi dunia nzima ione. Nifanyeje?

Apolinaria, Chemchem

*

Marahaba Apolinaria. Nianze kwa kukiri kuwa lile koti limenishinda, nimecheka peke yangu kama mwehu. Sasa nikukaripie.

Ulikuwa na jambo zuri ukalitupa kwa watu likiwa nusu. Mtani bila mfiwa anayecheka ni mtu anayetukana maiti, na ndicho walichokiona huko Dar. Halafu, ulimuuliza mtu? Sura ni ya Bi Mwanamkuu, msiba ni wa mama mkwe wako. Chako pale kilikuwa simu tu.

Hiyo video ya kujiliza isahau. Utawaomba radhi watu usiowajua, na uliyemkosea yupo hapo jirani. Mumeo naye mwambie yatapita kweli, na mtani atapita nayo.

Nenda leo. Usiende na uso wa hitima. Mtani habembelezwi, anachokozwa. Simama mlangoni pake useme, “Wewe Mzaramo, umesikia Jumamosi kuna kazi ya kukoka moto ndiyo umejificha?” Akikutukana, umepona. Kaa chini upokee yote, na akikamata kuku wako akaondoka naye usimfuate, hiyo ni haki ya mtani. Akikujibu kwa adabu, basi jeraha ni la kweli: piga magoti, mwambie nilikosea, nyamaza, msikilize. Kisha mpigie Anifa wewe mwenyewe, usimtume mtu, kwa sababu yeye amesoma matusi ya mama yake mzazi.

Video nzima, kama unayo, waonyeshe hao mama wawili. Wakisema itoke, itoke yote, na waeleze utani kwa sauti zao. Wakisema hapana, ni hapana. Na kila aliyeichukua kwako unayemfahamu, mwombe aifute.

Jumamosi simu iache chumbani. Wakikuuliza mtandaoni kama mama mkwe alicheka tena, waambie waliokuwepo wanajua.