Nzi Aliyetulia

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila macho yanauma kwa kukodolea hadubini.

Umeniuliza kama Baba anasikia, tangu apooze na kunyamaza. Mimi si daktari, lakini sikia nilichokiona kazini. Tunambandika nzi wa matunda kichwa kwa gundi, miguu inatembea juu ya kijimpira, na hadubini inatuonyesha ubongo ukiwaka pale unapofanya kazi. Juzi mmoja aligoma kutembea, nikadhani amekufa. Nikampulizia harufu ya ndizi mbivu. Mama, ubongo uliwaka wote, na mguu hakuinua.

Basi msomee Baba hili: nisamehe kwa maneno niliyokutupia mlangoni siku naondoka.

Binti yako

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ndio huohuo, tumeshazoeana.

Nimemsomea mara saba. Shangazi yako alikuwa akimsema mbele yake kama anasema kabati, nimemtoa chumbani. Sasa namweleza baba yako hata yale niliyomficha tangu tuoane. Yeye aliyelalamika kasomesha mtoto akafuge nzi, leo nzi haohao wanamtetea. Nilicheka, kisha nikalia.

Mama yako

28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Nimechelewa kuandika kwa sababu naona aibu.

Nilikosea. Ilinipasa kwanza nimpulizie nzi hewa tupu, ndipo nilinganishe. Kwa pupa, sikufanya. Nilipofanya, picha iliwaka vilevile. Ule upepo ulikuwa unautikisa ubongo tu, wala sina ushahidi kwamba alinusa chochote. Nimekupa tumaini nisilokuwa nalo. Msomee Baba na hili, nisije nikamdanganya.

Binti yako

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hali yetu ni ya kuombewa.

Barua nimemsomea, ila pale pa kosa nimeparuka. Tangu Machi namwomba radhi mume wangu, leo nimwambie nilikuwa naongea na kabati?

Nimekasirika, sikufichi. Si kwa kukosea, kila mtu hukosea. Nimekasirika kwa sababu miaka minne unawauliza nzi, na mwenye jibu amelala hapa. Msamaha wa kutumwa nimechoka kuubeba.

Tangu Jumapili hamezi hata maji. Kiti nimekiweka upande wa sikio la kulia, ndilo lililokuwa zima. Njoo umwambie mwenyewe, kisha wewe ndiye uniambie kama anasikia.

Mama yako