Tumbawe Chini ya Taa

Mama yangu, shikamoo,

Huku Morogoro wote wazima, ila moyo wangu haujatulia tangu Jumatatu ulipopanda gari la Mgeta bila kuningoja nitoke kazini. Nilikasirika, nisikufiche. Nilimwambia mkweo, "Mama ameniaibisha, majirani watasema tumemfukuza." Unaona mwanao? Niliwaza majirani kwanza.

Leo asubuhi hasira imeniisha, na aliyeimaliza ni lile tumbawe.

Unakumbuka siku lilipofika. Ulikuwa ndiyo kwanza umetoka hospitali kutolewa mtoto wa jicho, nami nimekuomba usirudi tena mlimani, ukae nasi moja kwa moja. Rafiki yangu wa Dar, yule anayeotesha matumbawe kwenye matangi nyumbani kwake, akanitumia kipande kwa basi, kimefungwa kwenye mfuko wa maji ya chumvi. Kijani, ukubwa wa kitumbua. Ulicheka ukashika mbavu: "Haya, mwanangu! Wenzio wanafuga mbuzi, wewe unafuga jiwe?" Nikakuambia si jiwe, ni mnyama, ana vidomo vidogovidogo vya kulia. Ukasogeza uso kwenye ule mfuko, ukamwambia, "Karibu mgeni. Pole na safari."

Mchana ule tuliufaidi, Mama. Ulishika kile kimpira chembamba, maji ya lile tangi langu la samaki la sebuleni yakawa yanadondoka tone kwa tone kwenye ndoo tuliyomtia mgeni ili ayazoee, huku unanihadithia nilivyokuwa naogopa ukungu nikiwa mdogo. Ndiyo kazi pekee niliyokuruhusu kuifanya ndani ya nyumba yangu.

Rafiki yangu alinionya mapema: "Liweke chini kwenye kivuli, ulipandishe kidogokidogo likishazoea." Mimi nikajifanya mjuaji. Mgeni gani anakalishwa uani? Nikalipaka gundi, nikalibandika juu kabisa ya mawe, chini ya taa kali, kila anayeingia sebuleni alione. Na wewe nikakuketisha vivyo hivyo, kwenye kochi kubwa mbele ya runinga, mito huku na huku. Ukishika ufagio, unanyang'anywa. Ukitaka kumenya ndizi, "Acha Mama, pumzika." Siku ile nilikukuta nyuma ya nyumba na vipando vya matembele mkononi, nikakushika mkono nikakurudisha ndani kama mtoto aliyetoroka, watu wanatazama. "Wataniona mwana gani mimi?" nikakuambia. Ulinawa mikono, ukarudi kukaa kwenye kochi. Nilidhani umenielewa.

Tumbawe nalo likafunga vidomo. Kisha likaanza kuwa jeupe kwa juu. Nikapima chumvi, nikaongeza maji yasiyo na chumvi kufidia yaliyokauka, nikapima joto, nikasafisha pampu. Nilifanya kila kitu isipokuwa kulishusha pale nilipoliweka, maana pale ndipo palipokuwa pazuri, pazuri kwangu. Leo nimempigia rafiki yangu nikamweleza. Akaguna. "Bwana wee, nani kakwambia tumbawe linataka heshima? Umeliunguza!"

Nikacheka. Halafu nikakaa kwenye lile kochi lako, nikalia, mtu mzima mimi na ndevu zangu. Siku unaondoka mkweo alikuuliza mlangoni nani amekukosea, ukamjibu, "Hakuna aliyenikosea. Nimechoka kupumzika." Aliponiambia nikaona unafanya mzaha. Kumbe ulikuwa unasema kweli tupu, na ulikuwa ukiisema kila siku kwa kushika ufagio.

Tumbawe nimelibandua taratibu, nimelishusha chini pembeni, kwenye kivuli, maji yanapopita polepole. Ukingoni bado kuna kijani kidogo. Huenda likapona, huenda lisipone. Nimeambiwa nisiliguseguse, na kwangu mimi hiyo ni kazi ngumu, unanijua.

Wewe si tumbawe, Mama, wala sikuandikii ili nikutafutie kona nyingine ya kukuweka. Sikuombi urudi. Nakuomba msamaha. Nilikufanya mgeni ndani ya nyumba ya mwanao wa kumzaa, nikajisifu kwa watu kwamba nakutunza, na ulipokuwa unanyong'onyea mbele ya macho yangu nikaongeza mto. Naona haya hata kuandika. Nimekukosea, na naogopa kwamba safari hii umenitoa moyoni mwako, si kuondoka nyumbani tu.

Jumamosi nakuja. Usichinje kuku, wala usihangaike kufua mashuka. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nipe siku hiyohiyo nitakayofika, kabla hata sijakaa, unionyeshe tuanzie wapi.

Mwanao,
kifungua mimba wako