Tumbo la Mang Sidro

Balayan, Batangas
12 Januari 1904

Mwanangu Larion,

Pokea baraka zangu. Hapa sisi wazima, Mungu ashukuriwe, na natumaini huko Hong Kong nawe hujambo. Paa la nyumba nimeliezeka upya. Kahawa kidogo iliyonusurika moto wa vita tumekwisha kuichuma.

Nina swali la kidaktari. Si langu, ni la jirani yetu Mang Sidro, yule mwenye domo na jogoo mwekundu anayempiga jogoo wangu mweupe kila wakipiganishwa. Tangu mavuno hali chakula. Akila vijiko vitatu vya wali anasema ameshiba, na suruali inamvuka akitembea. Namwambia, "Sidro, unajinyima ili jogoo wako anenepe?" Anacheka, lakini anashika tumbo. Anaona haya kukuandikia mwenyewe. Je, ni nini hicho?

Habari za kurudi usiniulize tena. Wamarekani bado wana ile meza yao bandarini Manila: unainua mkono, unaapa kuwa mtu wao, ndipo unaruhusiwa kushuka. Mimi niliinua wangu kule kambini walikotufungia, ili mama yako apewe mchele, na akafa vilevile. Nyumba hii imekwisha toa mkono mmoja, inatosha.

Baba yako,
Anselmo


Hong Kong
30 Januari 1904

Baba mpenzi,

Naubusu mkono wako. Mimi sijambo, ila baridi inaniuma mifupa. Chumba changu cha matibabu bado kiko juu ya duka la samaki wakavu, na nguo zangu zote zinanuka ng'onda. Asubuhi wanakuja makuli wa Kichina na migongo yao. Jioni wanakuja mabaharia wetu na kaswende na habari za nyumbani, vyote kwa pamoja. Juzi mama mmoja alinilipa bata mzima mzima, na mpaka leo anatembea chini ya meza yangu akiwatisha wagonjwa.

Wenzetu wa chama cha uhuru tuliokimbilia huku wanapungua. Kila meli inamchukua mmoja, anakwenda kuapa, anarudi kwao. Tuliobaki tunagombana nani ni msaliti.

Sasa Mang Sidro. Je, anatapika? Matapishi yana rangi gani? Mlaze chali, umbonyeze taratibu chini ya mbavu, katikati. Kisha papasa juu ya mtulinga wa kushoto, pale kwenye kishimo, uniambie kama kuna kitu. Mikono yako iwe mikono yangu.

Mwanao,
Larion


Balayan
20 Februari 1904

Mwanangu,

Baraka zangu zikufikie. Sote wazima.

Tumefanya ulivyosema. Anatapika, na kinachotoka ni kama mashapo ya kahawa. Chini ya mbavu kuna kitu kigumu, hakisogei. Juu ya mtulinga kipo kivimbe, ukubwa wa punje ya mahindi, wala hakiumi.

Sema kweli, usizungukezunguke. Sidro anataka kujua kama apande mpunga mwaka huu.

Baba yako,
Anselmo


Hong Kong
6 Machi 1904

Baba,

Naubusu mkono wako na kukutakia afya njema. Habari nilizonazo si nzuri.

Ni saratani ya tumbo, na kile kivimbe cha mtulinga kinaonyesha imekwisha tembea. Asikubali mtu yeyote ampasue. Mvua zikianza atakuwa kitandani, na mavuno hatayaona. Asipande. Nimempa baharia mmoja chupa ya matone ya kasumba aje nayo. Maumivu yakizidi, ongeza matone, usimhesabie.

Nitakuambia jambo la aibu. Nilipoifungua barua yako, kabla sijamhurumia Mang Sidro, nilishukuru kwamba si wewe. Ingekuwa wewe, Baba, ningepanda meli ya kesho, na pale mezani ningeinua mikono yote miwili, waniapishe wanavyotaka. Kwa kuwa ni jirani, naweza kukaa hapa nikaendelea kuwa shujaa.

Haya, angalau sasa jogoo wako mweupe atapata kushinda.

Mwanao,
Larion


Balayan
2 Aprili 1904

Larion mwanangu,

Baraka zangu. Mimi sijambo.

Nimemwambia Sidro. Alisema, "Afadhali, maana nguvu za kulima sikuwa nazo." Chupa imefika na inamfaa sana.

Ulichoandika juu ya meli nimekisoma. Nimefurahi, sikufichi. Lakini kaa hapo ulipo. Hao wenye migongo wanakuhitaji, na mimi napenda kuwaambia watu kwamba yupo mmoja wetu ambaye hakuapa.

Nikichelewa kuandika usishtuke. Mvua ikinyesha unaijua njia yetu.

Baba yako


Hong Kong
29 Mei 1904

Baba,

Naubusu mkono wako. U hali gani? Mbona kimya namna hii?

Tauni imerudi pamoja na joto. Nimeandika vyeti vya vifo hata wino umeniishia. Bata tulimla. Wiki iliyopita alikuja mzee mwenye ugonjwa uleule wa Mang Sidro, na mwanawe alikuwa akilala sakafuni kando yake, anamshikia bakuli. Nilimwonea wivu kijana yule, Baba. Nimechoka. Sitaki kuapa, lakini nataka kukuona. Niandikie neno moja tu, "Njoo," nami nitakuja.

Niombee radhi kwa Mang Sidro. Kifo chake nilikiandika kama naandika bei ya samaki. Tumbo lake linaendeleaje?

Mwanao,
Larion


Balayan
20 Juni 1904

Larion,

Salamu nyingi, na pole, mwanangu. Ni mimi Mang Sidro. Mkono wangu si wa kalamu, univumilie.

Barua yako ilifika siku ya tisa ya matanga ya baba yako. Tulikuwa tumemaliza sala, na sahani yake ya wali tumeiweka mahali pake. Mwalimu wa shule akaisoma kwa sauti, akidhani ni rambirambi. Alipofika kwenye tumbo langu, watu wote wakanigeukia. Nilikuwa na paja la kuku mkononi.

Mimi nilijua. Mikono uliyoiomba ilikuwa yangu. Baba yako ndiye aliyelala chali akinisomea maswali yako, na mimi nambonyeza. Nikamwambia, "Anselmo, mwite mtoto." Akasema, "Nikimwita atashuka melini mkono juu. Hebu endelea kuugua wewe kwenye barua, mzee, nitakulipa fadhila siku nyingine." Tukacheka. Sasa sicheki, namkasirikia kila nikipita mlangoni kwake.

Alikufa asubuhi, na mvua inanyesha. Matone yako yalimpunguzia. Barua yako ya Machi alilala nayo chini ya mto, na pale pa mikono miwili alinisomea hata nikapajua kwa moyo.

Sijui kama tulikutendea haki. Ulitaka neno moja. Aliyekuwa wa kukuita hayupo, na aliyekuwa wa kukuzuia hayupo. Mpunga wake nimeupanda mimi.

Jirani yako,
Sidro