Aliyetangulia

Jumanne, 15 Novemba

Mapacha! Wa kiume na wa kike, wazima wote. Hodaya, mke wa mwanangu, kajifungua mwenyewe, hakupasuliwa. Mimi kwenye korido tangu asubuhi, miguu imevimba. Nesi akapita na vitanda viwili. Mkononi mwa mvulana wamemfunga utepe wa plastiki wenye herufi ya kwanza, mwa msichana herufi ya pili. Mkunga wa Tamari kwenye Torati alimfunga pacha uzi mwekundu, wa siku hizi wanafunga plastiki. Sawa tu! Mvulana ndiye kifungua mimba. Elkana wangu alilia mbele za watu bila haya. Mtoto ataitwa Nissim, jina la marehemu mume wangu. Laiti angekuwepo.

Jumanne, 22 Novemba

Tohara imepita salama. Samaki wangu wa pilipili waliisha kabla ya maombi kwisha. Msichana ni Renana.

Nikamuuliza Elkana: Nissim akitimiza mwezi, tumwite kohani gani aje kumkomboa kwa fedha, kama Torati inavyotaka kwa mvulana aliye kifungua mimba? Akasema hakuna kukomboa, Renana ndiye aliyetangulia kutoka. Akaondoka kwenda kumimina chai. Tangu lini Elkana anamimina chai?

Utepe niliuona. Na miwani nilikuwa nimevaa.

Jumamosi, 26 Novemba, Sabato imeshatoka

Mchana kutwa nilitamani kalamu, lakini siku ya Sabato hatuandiki. Sinagogini leo limesomwa somo la Esau na Yakobo. Kule angalau ilijulikana nani alitangulia, na bado walidanganyana!

Nilimweleza dada yangu Sol. Labda baba yake Hodaya ni Mlawi, maana mtoto wa binti wa Mlawi hakombolewi. Sol akacheka: Mlawi gani yule, Freha, ulishamwona hata siku moja akiwamiminia makohani maji ya kunawa? Kweli, sijamwona. Basi kwa nini? Sol akasema, au Hodaya aliwahi kuzaa — kisha akajiziba mdomo.

Aliwahi kuzaa! Chakula cha jioni kimenishinda. Kabla ya Elkana wangu? Na nani? Na je, maskini mwanangu anajua?

Jumapili, 4 Desemba

Nimekwenda kuwasaidia kuogesha watoto. Nikamchokonoa Hodaya kwa upole: uchungu ulikuwaje, mwanangu? Akasema, "Wa mara hii ulikuwa mwepesi, Mama."

Mara hii!

Akageuka akakunja nepi ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Mwanangu kalaghaiwa, na mjukuu wangu anageuzwa wa pili ili siri ya mtu isitoke. Na kama sivyo, kama Nissim ndiye wa kwanza kweli, atabaki hajakombolewa maisha yake yote. Sikubali.

Jumatano, 7 Desemba

Nimempigia Mzee Yamin, kohani wa mtaa wetu hapa Tiberia. Nimeshaalika watu. Kuskusi, samaki, sahani ya fedha ya kumlaza mtoto, wanawake waje na bangili zao za dhahabu za kumpamba. Mzee Yamin akasema, "Sawa, mama, lakini ujue mimi humuuliza mzazi mwenyewe, mbele ya wote: huyu ndiye mzaliwa wako wa kwanza? Hukuwahi kuzaa wala kuharibikiwa na mimba?"

Nikamjibu, uliza tu, Mzee. Ndicho ninachokitaka.

Elkana alipopata habari alipiga simu. "Mama, umefanya nini?" Basi. Akakata.

Alhamisi, 15 Desemba

Nimejifungia chumbani kwangu. Sebuleni pamejaa.

Elkana na Hodaya walikuja wa kwanza kabisa. Hodaya akanivuta humu ndani akafunga mlango. Hakulia. Akasema, "Mama, najua Mzee Yamin umemwitia nini."

Ni kweli aliwahi kuzaa, alikuwa mvulana. Wa Elkana! Mwaka wao wa kwanza wa ndoa, mimba ya miezi sita, alitoka hana pumzi. Elkana alimzika na watu wa mazishi, hakuna mwingine aliyejua. Nikamuuliza, mbona hamkuniambia? Akasema, "Ulikuwa unamuuguza Baba. Ulikuwa hulali, Mama. Elkana alisema tungoje. Baba akafariki, tukangoja tena. Halafu ikawa hatujui tuanzie wapi."

Nakumbuka majira yale. Elkana alikuja na udongo kwenye viatu, nikamgombeza kwa kunichafulia zulia.

Nikasema tuwarudishe watu, nitasema nimeugua. Akakataa. "Tulidanganya mara moja kuhusu Renana, imetosha. Kohani akiniuliza, mimi mwanangu simkani. Ila Mama, wewe nasaba zote za Torati unazijua. Eri na Onani, wana wa Yuda, walikufa bila mtoto na bado wanatajwa. Wangu mimi atatajwa na nani?"

Akatoka.

Sol anagonga. "Freha! Toka bwana, kuskusi inapoa!" Nyuma yake namsikia Mzee Yamin akisafisha koo. Hodaya ameketi karibu na mlango, nasikia Renana akinyonya.

Elkana anasema, "Ngoja kidogo, Mzee. Mama yangu hajatoka."

Wananingoja mimi. Watu wote hawa niliwaita mimi, ili wasikie siri ya Hodaya. Basi mjukuu wangu wa kwanza nitamtaja mimi.